Lubumbashi: Anayehesabu siku za wanaosubiri malipo ya bima

LUBUMBASHI – Mkaaji wa mji huu akisikia neno bima, au asiransi kama wengi wanavyosema, kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni kile kikaratasi kinachobandikwa kwenye kioo cha gari. Polisi wa barabarani akisimamisha gari kwenye njia ya Kasumbalesa au ya Likasi, anakitazama hicho kwanza. Sheria inayomlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kulipia madhara atakayowaletea wengine ni ya tangu tarehe 5 Januari 1973. Kwa hiyo watu wananunua, na wengi wananunua ili polisi awaache wapite. Wachache wanajiuliza itakuwaje siku ambayo kikaratasi hicho kitatakiwa kufanya kazi yake ya kweli, yaani kulipa.

Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa na mlango mmoja tu. SONAS, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1966, ndiyo peke yake iliyokuwa na haki ya kuuza bima nchini. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko. Mamlaka ya kusimamia bima, ARCA, ikaanzishwa, na tangu mwaka 2019 kampuni za watu binafsi zikaanza kupewa vibali. Ofisi mpya zikafunguliwa Kinshasa, kisha Lubumbashi, penye migodi na malori. Vijana waliosoma uchumi, hesabu na informatiki wakapata kazi ambazo wazazi wao hawakuzijua hata kwa jina.

Moja ya kazi hizo ni kuchambua takwimu za utendaji katika idara ya madai, ile ambayo wafanyakazi wenyewe wanaiita sinistri. Dada mmoja mwenye umri wa miaka thelathini na kidogo, mzaliwa wa komine ya Kenya, anaifanya hapa mjini. Alisoma UNILU. Majirani wakimuuliza mama yake binti yake anafanya kazi gani, mama anajibu kwa neno moja: «Anahesabu.»

Jibu hilo ni la kweli, lakini halisemi anahesabu nini.

Kazi yenyewe

Dada huyu hauzi bima. Halipi wateja. Haendi barabarani kutazama gari lililogongwa, hiyo ni kazi ya eksperi. Wala hakai kwenye dirisha la mapokezi. Yeye anapokea alama ambazo wengine wote wanaziacha ndani ya kompyuta wanapofanya kazi zao.

Kila dosie ina tarehe zake: siku ya ajali, siku mteja alipokuja kutangaza ajali, siku karatasi zote zilipokamilika, siku eksperi alipotumwa, siku ripoti yake iliporudi, siku mteja alipopewa pendekezo la malipo, siku alipolipwa. Kati ya tarehe moja na nyingine kuna siku, na siku hizo ndizo anazozihesabu. Kila Jumatatu asubuhi anatuma ripoti Kinshasa: dosie ngapi zimeingia, ngapi zimefungwa, kila moja imechukua siku ngapi kwa wastani, na kila mfanyakazi amefunga ngapi.

Inaonekana ni kazi ya kujumlisha na kugawanya. Lakini mtu akikaa karibu na meza yake siku mbili ataona kwamba ugumu hauko kwenye kujumlisha. Uko kwenye kuamua saa inaanza kupigwa wapi na inasimama wapi. Hata saa yenyewe ya ukutani inamsumbua: Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na mashine kubwa iko Kinshasa, kwa hiyo dosie iliyoingizwa hapa saa mbili na nusu asubuhi inaandikwa kule kuwa imeingia saa moja na nusu. Hilo ni dogo, analirekebisha kwa mstari mmoja wa fomula. Yapo makubwa kuliko hilo.

Namba ambayo kila mtu aliipenda

Ofisini kwao namba moja ilikuwa juu ya nyingine zote: wastani wa siku za kulipa. Ikiwa chini ya kiwango kilichowekwa na Kinshasa, timu nzima inapata primu mwisho wa robo mwaka. Ikipanda juu, hakuna primu. Kwa robo kadhaa namba hiyo ilikuwa nzuri. Wakubwa walifurahi, wafanyakazi walifurahi, na jedwali lilibandikwa ukutani karibu na mashine ya kahawa.

Namba hiyo haikuwa ya uongo. Kila mtu angeweza kuirudia na kupata jibu lile lile. Tatizo lilikuwa kwenye swali ambalo namba hiyo inalijibu. Ilihesabu dosie zilizofungwa tu, na ilianza kuhesabu siku ambayo karatasi zote zimekamilika.

Kila mtu aliyewahi kupata ajali Lubumbashi anajua maana ya kukamilisha karatasi. Inatakiwa ripoti ya polisi, ile PV. Inatakiwa carte rose ya gari, leseni ya dereva, hati ya bima ya pande zote mbili. Kama mtu ameumia, inatakiwa karatasi ya daktari. Mteja anaweza kuzunguka wiki nyingi kutafuta PV tu. Siku zote hizo, kwenye kompyuta ya bima, saa bado haijaanza. Mteja anasema «nimeanza kusubiri tangu Pasaka», kompyuta inasema «dosie ina siku nne». Wote wawili hawadanganyi.

Mzee wa kila Jumanne

Kilichomfanya dada huyu alitazame jambo hili kwa karibu ni mzee mmoja, mstaafu wa migodi, mwenye taksibasi moja aina ya Toyota Hiace. Lori liligonga gari lake ubavuni. Dereva wake alipona, gari likabaki limeegeshwa kwa fundi. Hiace hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni yake: kila jioni dereva alimletea pesa ya siku, na kwa pesa hiyo nyumba ilikula na wajukuu walisoma. Lori lilikuwa na bima ya kampuni hiyo. Kwa hiyo mzee alikuwa akija ofisini kila Jumanne, anavua kofia, anaketi kwenye benchi, anangoja aitwe.

Mchambuzi alikuwa akipita mbele ya benchi hilo akienda kwenye meza yake. «Jambo papa.» «Jambo mama, kazi njema.» Wiki baada ya wiki. Siku moja aliuliza mapokezi namba ya gari la mzee, akarudi kumtafuta ndani ya majedwali yake.

Alimkuta mara mbili. Dosie ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa sababu karatasi hazikukamilika. Barua ya kumkumbusha ilitumwa kwenye namba ya simu ambayo mzee alikuwa ameshaiacha. Mzee alipopata PV na kuileta, mfanyakazi wa dirishani hakuweza kuandika ndani ya dosie iliyofungwa, akafungua nyingine mpya yenye namba mpya. Kwa kompyuta, basi, mzee huyu alikuwa watu wawili. Mmoja alishamalizika, tena kwa haraka, na haraka hiyo ilihesabiwa katika idadi ya dosie zilizofungwa. Mwingine alikuwa mgeni aliyefika juzi. Mtu aliyekuwa akikaa kwenye benchi tangu miezi iliyopita hakuwa popote.

Dada huyu akaanza kuunganisha dosie zote kwa namba ya gari na tarehe ya ajali, badala ya namba ya dosie. Ilimchukua jioni kadhaa, umeme ukikatika na kurudi. Mzee hakuwa peke yake. Walikuwepo wengine waliofungwa na kufunguliwa, wengine waliofungwa na hawakurudi tena. Na zilikuwepo dosie ambazo karatasi iliyodaiwa kukosekana ilikuwa imeshaletwa, imewekwa kwenye kabati, haijaingizwa kwenye kompyuta.

Mwezi wa kulipa ndio mwezi mbaya

Halafu aligundua jambo la pili, na hili ndilo lililomnyima usingizi.

Tuchukue mfano wa dosie 10. Tisa zinalipwa kila moja kwa siku 10. Ya kumi inasubiri, imefikisha siku 200. Kwa kuwa haijafungwa, haihesabiwi: wastani wa ofisi ni siku 10, kila mtu anapongezwa. Sasa ofisi inaamua kufanya haki, inalipa hiyo ya kumi. Siku 90 za zile tisa, jumlisha 200, gawanya kwa 10: wastani unaruka hadi siku 29. Primu imepotea.

Maana yake ni kwamba ofisi inaonekana njema mtu wa siku 200 akiendelea kusubiri, na inaonekana mbovu siku anapolipwa. Hakuna aliyekaa mezani akasema «tuwaache wa zamani wasubiri». Hakuna aliyehitaji kusema. Mwisho wa robo unapokaribia, mikono yenyewe inakwenda kwenye dosie nyepesi, za vioo na vya taa, na zile nzito zinasogezwa mwezi ujao. Mwezi ujao nao una mwisho wake.

Jambo hilo lilimgusa pia mfanyakazi mwenzake mmoja, mtu mzima anayeshika dosie za watu walioumia. Dosie hizo zinachelewa kwa asili yake. Inabidi kungoja mfupa uunge, daktari aseme kama ulemavu utabaki, wakati mwingine kungoja mahakama iseme nani mwenye kosa. Kwenye orodha ya kila Jumatatu jina lake lilikuwa la mwisho siku zote, na kijana anayeshika vioo vilivyovunjika alikuwa wa kwanza. Mtu mzima huyo hakulalamika. Aliacha tu kupita karibu na mashine ya kahawa.

«Unataka watunyime?»

Ilikuwa mwisho wa Agosti. Kila mzazi wa Congo anajua mwisho wa Agosti ni nini: madaftari, uniformu, minerval. Primu ya robo ilikuwa imeshahesabiwa vichwani mwa watu kabla haijafika mfukoni. Dada huyu alipomwonyesha shefu wake jedwali jipya, shefu alilitazama muda mrefu, akafunga mlango.

«Dada, hizi namba ni za kweli?»

«Ni za kweli, shefu.»

«Unataka watunyime primu? Unajua hapa kila mtu ana watoto.»

Alijua. Yeye mwenyewe alikuwa amemwahidi mdogo wake kumlipia mwaka wa kwanza wa chuo. Watu wa nje wanadhani namba hazina jamaa. Lakini anayezitoa anajua kila moja itaangukia nani: ukiinua hii, mwenzako wa meza ya pili hatalipa shule, ukiificha, mzee wa Hiace ataendelea kuvua kofia kila Jumanne. Hakuna fomula inayosema nani aumie kwanza.

Walichokubaliana siku hiyo hakikuwa cha kishujaa. Namba ya zamani ingebaki juu, kama kanuni ya robo hiyo ilivyosema, kwa sababu watu walifanya kazi wakiifuata na haikuwa haki kubadilisha mchezo dakika za mwisho. Chini yake lingewekwa jedwali la pili: dosie zote zinazosubiri, kila moja na umri wake tangu siku mteja alipofika dirishani mara ya kwanza, hata kama ilifungwa na kufunguliwa tena. Dada huyu aliongeza safu moja ambayo hakuna aliyemwomba. Aliiita «Tunamsubiri nani?» Ndani yake aliandika: mteja, polisi, eksperi, fundi wa gari, daktari, mahakama, au sisi.

Neno «sisi» lilionekana mara nyingi kuliko walivyotegemea.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Jumatatu hiyo mkubwa wa Kinshasa alikaa kimya kwenye simu ya video mpaka watu wa Lubumbashi wakadhani intaneti imekatika. Halafu akauliza swali moja: «Huyu wa juu kabisa kwenye orodha, tunamsubiri nani?» Ilikuwa «sisi». Akaomba jedwali la pili lije kila wiki.

Primu ya robo ile ililipwa. Kuanzia robo iliyofuata kanuni ilibadilishwa: dosie za vyombo zikatengwa na dosie za watu walioumia, na dosie ya zamani inapolipwa inaandikwa pembeni, haiadhibu wastani. Pia walianza kutazama siku ya katikati, yaani dosie zikipangwa mstari mmoja kuanzia ya haraka hadi ya polepole, ile iliyo katikati imechukua siku ngapi. Kwenye mfano wa dosie 10 hapo juu, siku ya katikati inabaki 10 hata baada ya yule wa 200 kulipwa. Namba hiyo nayo ina hila yake, kwa sababu inaweza kumsahau wa mwisho kabisa. Ndiyo maana mchambuzi haitumi peke yake, anaituma pamoja na umri wa dosie kongwe kuliko zote. Yule mtu mzima wa dosie za majeruhi sasa analinganishwa na kazi yake mwenyewe ya mwaka uliopita. Amerudi kunywa kahawa.

Si kila kitu kimenyooka. Polisi bado wanatoa PV kwa mwendo wao. Wafanyakazi wamejifunza pia kwamba neno «sisi» linaweza kugeuzwa kuwa «mteja» kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mchambuzi analazimika kuchagua dosie chache kila wiki na kwenda kufungua kabati kwa mikono yake. Namba yoyote ikishaanza kuamua pesa ya watu, watu watajifunza kuipendeza. Hilo halina dawa ya kudumu. Linahitaji mtu anayeinuka kwenye kiti.

Mzee wa Hiace alilipwa. Alilipwa matengenezo ya gari kama eksperi alivyokadiria. Alipoweka sahihi aliuliza dirishani, bila hasira: «Na zile siku gari lilikaa, nani anazilipa?» Mfanyakazi alimwambia ukweli, kwamba pendekezo halikuwa na kitu kwa ajili ya siku hizo. Mzee alikunja karatasi yake, akavaa kofia, akaondoka. Mchambuzi alisikia habari hiyo baadaye, kutoka mapokezi. Kwenye jedwali lake siku hizo zipo zote, zimehesabiwa moja moja. Hazina safu ya franka.

Kwa wakaaji wanaotumia barabara

Kutokana na yanayoonekana ndani ya majedwali hayo, yapo mambo machache ambayo kila mwenye gari, pikipiki au jeraha anaweza kuyafanya ili dosie yake isipotee.

Tangaza ajali mapema, ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba, hata kama PV bado haijatoka. Kwenye kila karatasi andika namba ya gari na tarehe ya ajali, kwa sababu namba ya dosie inaweza kubadilika lakini hizo mbili hazibadiliki. Ukibadilisha namba ya simu, nenda ukaiandikishe upya, usingoje wakutafute. Weka kopi ya kila kitu ulichopeleka. Ukiambiwa dosie imefungwa, omba sababu kwa maandishi na uombe ifunguliwe ile ile, si nyingine mpya. Uliza waziwazi: «Kwa sasa tunamsubiri nani?» Mfanyakazi mwema atakujibu. Ukikosa jibu kabisa, kumbuka kwamba ARCA iliwekwa kwa sheria, na kulinda wenye bima ni sehemu ya kazi yake.

Na kila unapopeleka karatasi, usiondoke dirishani bila muhuri na tarehe kwenye kopi yako. Kompyuta inaweza kuanza kuhesabu siku inayotaka. Tarehe iliyo mkononi mwako ndiyo itakayoonyesha umeanza kusubiri lini.